Kovu la Mkono wa Kushoto

Mwalimu mkuu hakumwita Fundi shuleni. Alimfuata mwenyewe karakanani, saa nne asubuhi, akamkuta amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu lililovuliwa kitambaa likabaki mbao, springi na vumbi. Fundi akadhani amekuja kuulizia viti vya ofisi yake. Akaanza kujitetea kwamba sponji imechelewa kuletwa, kama mafundi wote duniani wanavyojitetea, na mwalimu mkuu akamwacha amalize. Kisha akamwomba aweke stepla chini, akamwuliza kama ana habari kwamba mwanawe hana nywele kisogoni.

Fundi alicheka kidogo, maana alichukulia ni mzaha. Kidoti, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tatu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya doa jeusi kidevuni, alikuwa na nywele nzito ambazo shangazi yake alizilalamikia kila Jumapili kwamba zinavunja vitana. Ni kweli kwamba tangu muhula uanze alikuwa hatoki bila kufunga kitambaa kichwani, na alikataa katakata kusukwa. Lakini mwanamume anajua nini kuhusu mambo ya wasichana? Fundi alidhani ni fasheni.

Haikuwa fasheni. Kidoti alikuwa ananyonyoa nywele zake mwenyewe, unywele mmoja mmoja, darasani, chooni, popote alipokaa peke yake. Kisogo kilikuwa na upara wenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na ngozi imeanza kutoa vidonda. Wenzake walikuwa wamekwisha kumtungia jina, na mwalimu mkuu hakutaka kulirudia. Alitoa karatasi yenye anwani ya mshauri wa familia, akasema hiyo si adhabu, ila asingependa kusikia kwamba hawakwenda.

Fundi aliishika karatasi ile hata baada ya mgeni kuondoka. Kwa miaka saba watu walikuwa wakimsifia kwamba yeye ni baba na mama kwa pamoja. Alipika, alifua, alikagua madaftari, hakukosa mkutano hata mmoja wa wazazi, na sifa zile zilimwingia mwilini kama uji wa moto kwa mtu mwenye njaa. Sasa mtoto aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe alikuwa anajinyonyoa kama kuku, na yeye hakuona.

Ofisi ya mshauri ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la madaftari na kalamu. Ngazi zilikuwa nyembamba, feni ilikuwa inakwaruza, na viti vilikuwa vya kila aina. Fundi alipoketi tu aligundua kwamba kiti chake kimewambwa na mtu asiyejua kazi, pini zimechungulia pembeni. Mshauri alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Watu walimwita daktari, naye alikuwa akiwakumbusha kwamba hachomi sindano wala haandiki dawa. Kazi yake ni kukaa na mtu mpaka aseme.

Alikaa na Kidoti peke yake kwanza, karibu saa nzima. Kisha akamtuma dukani chini akachague kalamu, akamwingiza Fundi.

Alimwambia kwamba binti yake ni mwerevu na ana adabu. Alipomwuliza Kidoti kuhusu baba, alifikiri kabla ya kujibu. Alipomwuliza kuhusu shangazi vilevile. Ila alipomwuliza kuhusu mama alijibu papo hapo, bila hata kupumua, kwamba mama yake ni mbinafsi aliyetanguliza maslahi yake.

"Mtoto wa miaka kumi na tatu hasemi 'maslahi,'" Mshauri alisema. "Mimi mwenyewe silitumii neno hilo mara nyingi."

Fundi akasema shule za siku hizi zinafundisha maneno magumu.

"Amenionyesha kovu pia. Lilitokeaje?"

"Si amekwisha kukwambia?"

"Ameniambia. Sasa nakuuliza wewe."

"Ni kama alivyosema mwenyewe," Fundi akajibu, na Mshauri akaandika kitu kifupi katika daftari lake.

Kovu lilikuwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, lenye umbo la ncha ya pasi. Kidoti alilipata akiwa na miaka minne, humo humo karakanani, mama yake akiwa kazini akifundisha watoto wa chekechea. Fundi alikuwa ananyoosha kitambaa cha mteja. Akaiacha pasi juu ya stuli, akatoka nje kubishana na mtu aliyeleta mbao zenye nyufa. Mtoto akavuta waya. Ni Fundi aliyembeba mbio mpaka zahanati, pekupeku, na ndiye aliyelia kuliko mtoto.

Miaka miwili baadaye mama yake Kidoti alipata nafasi ya kwenda kusomea ualimu wa juu katika mji mwingine, miezi tisa. Walikubaliana. Fundi mwenyewe alimbebea mabegi. Lakini mwezi wa tatu ulipofika, wenzake walianza kumtania kwamba wao wana wake na yeye ana simu. Mmoja akamnong'oneza kwamba mwanamke akishasoma harudi kwa mpiga misumari. Maneno yale yalimkaa rohoni. Hakumwuliza mkewe chochote; alinuna tu, simu zikawa fupi, na wiki ambayo mkewe alikuwa arudi Fundi alibadilisha kufuli. Mwanamke alifika na mabegi yake mawili, akazungumza na mumewe kupitia nondo za dirisha kwa muda wa kutosha majirani wote kusikia. Kidoti alikuwa chumba cha nyuma na shangazi yake, redio imefunguliwa mpaka mwisho.

Hakuna siku ambayo Fundi alimkalisha mtoto chini akamfundisha kuchukia. Ilikuwa mambo madogo madogo. Simu ikilia aliguna, akauliza, "Yule mwanamke anakutaka, utaongea naye au umechoka?" na mtoto akajifunza ni jibu lipi linalomfanya baba atabasamu. Mama alipoanza kuja kusimama kwenye geti la shule, Fundi alimwambia Kidoti kwamba anataka kumwiba, akimwona amkimbilie mlinzi. Kidoti alikimbia. Mlinzi akamkamata mama yule mbele ya wazazi wenzake kama mwizi wa kuku. Jioni ile Fundi alimpeleka binti yake kununua viatu vinavyowaka taa kisiginoni.

Halafu kesi ya malezi. Kidoti alikuwa na miaka minane. Hakimu alimwuliza kwa upole kwa nini hataki kwenda kwa mama yake. Mtoto alimtazama baba, akautazama mkono wake, akasema, "Alinichoma na pasi." Hakuna mtu aliyemfundisha hilo, alilitafuta mwenyewe, kama mtoto anavyotafuta zawadi ya kumpa mzazi. Mama akasimama akasema mtoto aliungulia karakanani, mwulizeni baba yake. Hakimu akamgeukia Fundi, akamsubiri.

"Mheshimiwa," Fundi alisema, "mtoto amekwisha kusema."

Kesi ikaishia hapo. Yule mwanamke, kama alivyoitwa katika nyumba ile, hakuonekana tena.

Baada ya siku ile ya kwanza ghorofani, Fundi hakurudi. Alituma ujumbe kwamba ana kazi nyingi. Dada yake, shangazi yake Kidoti, aliyehamia kwake tangu kufuli libadilishwe, alimuunga mkono. Alisema watu wa ushauri wanafukua makaburi ili wapate kazi ya kuyafukia, na kwamba dawa ya mtoto ni mafuta ya nazi na kuacha simu. Wiki tatu zikapita. Upara ukapanda kutoka kisogoni kuelekea utosini.

Jumamosi moja mchana Kidoti aliingia karakanani. Hakuwa anakuja huko siku hizi. Alipita katikati ya vipande vya sponji, akaenda mezani, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa cha makochi, akampa baba yake huku ameshika upande wa makali. Kisha akavua kitambaa kichwani. Fundi hakuwa ameuona upara ule mchana kweupe.

"Nikate zote," Kidoti alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nimejaribu kuzitoa polepole, zinarudi."

Fundi akamwuliza nani amemwambia azitoe. Kidoti akasema hakuna. Ila shangazi akimsuka huwa anasema hizi nywele ni za yule mwanamke, kichwa chote ni yeye mtupu. Alikuwa akisema hivyo tangu zamani, kwa kucheka tu. "Nikawa nafikiri kila ukiniangalia unamwona yeye," Kidoti alisema. "Halafu siku moja utachoka na mimi pia."

Aliyasema bila machozi, kama mtu anayetoa maelezo ya njia. Fundi aliuchukua mkasi, akauweka juu kabisa ya rafu, akamfunga mwanawe kitambaa kwa vidole vilivyozoea uzi na sindano lakini siku hiyo vilishindwa hata fundo. Alitaka kumkumbatia. Hakuthubutu. Alihisi kwamba hana haki hiyo.

Siku iliyofuata, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na ofisi imefungwa, alimpigia Mshauri simu nyumbani kwake na kumwambia habari ya pasi. Aliisema yote kwa mkupuo mmoja. Upande wa pili, kwa mbali, maji ya bomba yalikuwa yakimwagika kwenye sufuria.

"Asante," Mshauri alisema mwishoni. "Njoo kesho. Usimwambie mtoto leo."

Fundi hakuelewa kwa nini asubiri. Kesho yake Mshauri alimweleza kwamba kusema ili upumue mwenyewe ni jambo moja, na kusema ili mtoto apate kusimama ni jambo jingine. Alimkutanisha na daktari wa ngozi kwa ajili ya vidonda vya Kidoti. Alimtaka mwalimu mkuu amruhusu mtoto awe anatoka darasani anapozidiwa. Naye Fundi akapewa kazi ya wiki mbili: aandike atakachosema, kisha akikate, kisha akikate tena.

"Sentensi fupi," alimwagiza. "Usiseme 'lakini.' Usimwombe msamaha siku hiyo, maana ukimwomba utakuwa umempa mzigo wa kukufariji. Na jikaze usilie kabla yake."

Basi kwa wiki mbili Fundi alifanya mazoezi akilihutubia kochi la watu watatu. Mteja mmoja aliyepita alimsikia, akamwuliza kama anagombea udiwani.

Dada yake alipoelezwa habari ya nywele alikuwa anakatakata vitunguu. Hakuacha kukata. Fundi alitegemea atakana au atalia, lakini alijibu kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea kwake.

"Nani alikuwa anakaa hapo kila jioni akiugua kwa ajili ya mwanamke?" alisema. "Mimi nilikuwa nakusaidia. Nilimchukia kwa niaba yako."

Fundi akamwambia kwamba Mshauri anaomba aje naye walau mara moja. Dada akasema hapandi ngazi zote zile kwenda kuambiwa kwamba yeye ni mbaya. Kabla ya wiki kwisha alikusanya vyombo vyake akahamia kwa binamu yao, akaacha kitana cha Kidoti juu ya meza, kimefungwa katika gazeti.

Siku ilipofika, Mshauri alipanga viti vitatu bila meza katikati. Kidoti aliketi karibu na mlango. Mshauri alimwambia kwamba baba ana jambo la kusema, na kwamba anaweza kutoka wakati wowote bila kuomba ruhusa.

"Kovu lako ulilipata karakanani," Fundi alisema. "Pasi ilikuwa yangu. Niliiacha kwenye stuli nikatoka nje. Mama yako hakuwepo. Ulipomwambia hakimu kwamba ni yeye, nilijua si kweli, nikanyamaza."

Kidoti aliutazama mkono wake kana kwamba amekabidhiwa wa mtu mwingine.

"Mama yako hakutuacha. Alikwenda kusoma, tulikuwa tumekubaliana. Aliporudi nilikuwa nimebadilisha kufuli."

Feni ilikwaruza. Fundi alikuwa amefika mwisho wa karatasi yake na hakuna pengine pa kwenda.

"Siku ile getini," Kidoti alisema, "alikuwa amekuja kuniiba?"

"Hapana. Alikuja kukuona."

"Nilimwambia mlinzi ampige."

Hilo Fundi hakulijua. Miaka yote hakulijua.

"Baba, nilimwambia mlinzi ampige, na akampiga na kirungu hapa." Kidoti alijigusa begani. "Wewe ukaninunulia viatu."

Fundi alifungua mdomo aseme kwamba alikuwa mdogo, si kosa lake, na Mshauri akainua kidole kidogo tu kutoka gotini. Fundi akaufunga mdomo. Kidoti aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, akabaki hivyo. Mshauri alihama kiti, akakaa sakafuni karibu naye, asimguse. Ndivyo walivyomaliza saa nzima.

Kurudi nyumbani Kidoti alitembea upande wa pili wa barabara. Siku tatu alikula chumbani. Siku ya nne, saa moja jioni, Fundi alimsikia nyuma ya mlango.

"Kuna kingine?"

Kilikuwepo. Fundi alisimama ukumbini akamwambia juu ya simu alizokuwa akizikata kabla hazijalia mara ya pili. Jioni iliyofuata akauliza tena, na Fundi akasema juu ya sare ya shule ambayo mama alimtumia, na yeye akaigawa. Iliendelea hivyo kwa siku kumi na moja. Kila jioni mlango umefungwa, sauti ileile, "Kuna kingine?" na yeye anatoa kingine. Mengine alikuwa ameyasahau mpaka alipoulizwa. Siku ya kumi na mbili alisema hakuna tena, na Kidoti akamjibu kwamba hamwamini, na Fundi akasema ana haki.

Mshauri ndiye aliyempigia simu mama yake Kidoti. Alikubali kuja, ila alichukua wiki tatu. Fundi alipomwona anaingia mlangoni alishtuka jinsi alivyokuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Katika kichwa chake alikuwa amemkuza miaka yote hiyo ili awe adui wa kutosha. Alivaa miwani sasa. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akaushika kwa mikono miwili.

Kidoti alisubiri chumba cha pembeni. Mshauri alitaka watu wazima wamalize yao kwanza. Fundi alirudia maneno yaleyale, bila "lakini." Mama yake Kidoti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba maji.

"Ripoti ya hakimu ilipelekwa kazini kwangu," alisema baada ya kunywa. "Kwamba nachoma watoto. Wakanitoa darasani wakaniweka stoo, natoa chaki na mifagio. Miaka mitano sijaruhusiwa kumshika mkono mtoto wa mtu."

Akaiweka bilauri sakafuni, akamgeukia Fundi.

"Ulipokuwa unaniangalia pale, nimesimama mbele ya hakimu, ulikuwa unafikiri nini? Nimejiuliza sana."

Fundi angeweza kusema alikuwa na hofu, au alichanganyikiwa, na kingekuwa kisingizio kizuri. "Nilikuwa nafikiri nimeshinda," alisema.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Hakumtukana. Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kuyakosa kulimwumiza zaidi.

Mshauri alimwita Kidoti. Alimwambia Fundi abaki dakika chache za mwanzo, ili binti aone kwa macho yake kwamba ana ruhusa. Kidoti aliingia akaegemea ukuta. Mama yake hakuinuka. Alikuwa ameshaagizwa asimkimbilie. Ila mikono ilimsaliti, iliuacha mkoba ikafunguka yenyewe magotini.

"Umekuwa mrefu," alisema.

"Shikamoo," Kidoti alisema, kama anavyosalimiwa mgeni wa baba.

"Marahaba, mwanangu."

Walitazamana. Kidoti alikuwa anapumua kwa nguvu, mkono wa kulia umefunika kovu.

"Najua si wewe," alisema. "Baba amesema. Lakini nikifumba macho nakuona wewe. Nakuona umeshika pasi. Naona hadi gauni ulilovaa."

"Basi usifumbe," mama yake alisema. "Niangalie hivi hivi."

Kidoti alijaribu. Fundi alimwona anavyojaribu, taya limekaza, macho yanatoka maji bila kupepesa. Alihesabu moyoni bila kujua kwa nini, akafika ishirini na kitu. Kisha binti akageuka, akakimbilia choo cha mwisho wa ukumbi, akajifungia. Walimsikia anatapika. Mshauri alimfuata akazungumza naye kupitia mlangoni, muda mrefu, lakini hakutoka mpaka alipohakikishiwa kwamba mama yake ameondoka.

Mama yake aliondoka. Pale ngazini alimpita Fundi bila kumtazama, mkono umeshika ukuta kila kidato.

Mshauri alimweleza Fundi baadaye kwamba ndivyo inavyokuwa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimejenga picha ile ili kimwamini baba, na picha haifutiki kwa kuambiwa ni ya uongo. Kinachowezekana ni kuweka nyingine pembeni yake, moja moja, na zile mpya zizidi. Fundi akauliza inachukua muda gani. Mshauri akasema hajui, na kwamba wengine hawafiki.

Fundi alikwenda mahakamani mwenyewe, na barua aliyoiandika kwa mkono. Hakimu alikuwa mwingine, kijana. Aliisoma mara mbili, akamwambia kwa ukali kwamba angeweza kumtia ndani kwa kuificha mahakama ukweli, kisha akaamuru malezi yahamie kwa mama. Lakini Kidoti alipoulizwa anataka nini, alisema hataki kwa baba na hawezi kwa mama. Aliomba shule ya bweni. Wazazi wote wawili walitia sahihi karatasi ileile, kalamu ikapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine kupitia kwa karani.

Barua nyingine ilikwenda kwenye shule ya chekechea. Wakajibu kwamba wamefurahi kusikia ukweli, ila nafasi ya darasani imekwisha kujazwa.

Tangu hapo Kidoti anaonana na Mshauri kila Jumamosi ya pili. Mama yake huja mara moja kwa mwezi, wanakaa nusu saa, na mara ya tatu Kidoti hakukimbilia chooni. Siku ya wazazi mama alialikwa bwenini. Binti alimwonyesha kitanda chake na kabati lake, wakakaa kwenye benchi bila maneno mengi, kisha akamwomba aondoke kabla ya chakula cha mchana. Kisogoni nywele zimeota laini kama za mtoto mchanga, na upande wa kulia bado ananyonyoa wakati wa mitihani.

Fundi hapelekewi salamu. Huambiwa hayo na Mshauri, yale tu ambayo Kidoti ameruhusu yasemwe, katika saa yake mwenyewe ya ushauri, kila Jumatano, kwenye kile kiti kilichowambwa vibaya. Aliwahi kuomba akitengeneze, Mshauri akamwambia hapana, aje kukaa tu.

Jumatano iliyopita aliambiwa kwamba godoro la bwenini limechoka na mgongo unamwuma. Kidoti amekubali baba atengeneze jingine, kwa sharti kwamba lisipelekwe na yeye. Fundi aliuliza vipimo vya kitanda. Akachagua sponji ngumu, ile ya daraja la juu, akashona kava lenye zipu ili liweze kufuliwa, akakagua kila mshono kwa kidole asije akaacha ncha ya uzi. Gari la shule lililichukua Ijumaa asubuhi. Dereva alipofunga mlango, Fundi alirudi ndani kumalizia viti vya ofisi ya mwalimu mkuu, ambavyo sponji yake ilikuwa imefika hatimaye.